Kufunga spesa za magurudumu kwenye Subaru Impreza: pima kwanza, kaza baadaye

Spesa ni pete ya aluminiamu inayokaa kati ya habu (kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa) na rimu ili gurudumu lisogee nje kwa milimita chache. Hapa Dar es Salaam wengi huzitafuta kwa ajili ya mwonekano, kwa kuwa Impreza yenye rimu zake za kiwandani huonekana kama imeyaficha magurudumu ndani ya madigadi. Wengine wana sababu nzito zaidi: wamenunua rimu pana za mtumba, na tairi linagusa shokapu kwa upande wa ndani. Sababu zote mbili ninazielewa na sizipingi. Ninachosisitiza ni kwamba kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni kupima na kusafisha, na kwamba anayeanza kwa kukamata spana ameanzia mwisho.

Watu wengi wanaamini kwamba uzito wa gari hukaa juu ya stadi tano, zile bolti zilizochomoza kwenye habu ambazo nati hufungwa juu yake, kama fremu ya picha inavyoning'inia kwenye msumari. Sivyo ilivyo. Kazi ya stadi ni kubana: nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo mno kama chuma cha spiringi, na mvuto huo huugandamiza uso wa rimu dhidi ya uso wa habu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari, breki na mikunjo ya kona. Ukiweka spesa katikati, unakuwa na nyuso nne badala ya mbili, na chembe yoyote ya kutu au mchanga iliyobaki kati yake itasagika baada ya kilomita chache, nafasi yake ibaki wazi, na nati itakuwa imelegea bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana gurudumu lenye spesa linaweza kuchomoka hata kama lilikazwa vizuri siku ya kwanza.

Vipimo kabla ya kwenda Kariakoo

Kuna vipimo vitatu vya kuandika kwenye karatasi kabla hujaondoka nyumbani. Kwa Impreza WRX za mwaka 2001 hadi 2007, stadi ni tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, ukingo wa katikati ya habu una kipenyo cha milimita 56.1, na uzi wa stadi ni M12x1.25, yaani stadi ya kipenyo cha milimita 12 ambayo nati husogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Impreza STI kuanzia toleo la 2005 zilihamia duara la milimita 114.3, ingawa ukingo wa katikati ulibaki vilevile, kwa hiyo spesa ya WRX haifai kwenye STI hizo hata kama muuzaji atakuambia kwamba Subaru zote ni moja.

Kipimo cha katikati ndicho kinachopuuzwa zaidi, na mimi mwenyewe nilikipuuza. Spesa zangu za kwanza, za milimita 5, nilizinunua kwenye duka moja la vipuri nikiwa nimetazama mashimo matano tu. Zilikuwa zimetengenezwa kwa Volkswagen, ambazo baadhi yake pia zina mpangilio wa 5x100, lakini tundu lake la katikati ni milimita 57.1 na mashimo ya bolti ni mapana kwa kuwa bolti zake ni M14. Ziliingia kwenye gari langu bila kupigwa nyundo, nami nikafurahi. Milimita moja ile ya ziada ilijionyesha Barabara ya Bagamoyo, baada ya Tegeta, pale mwendo ulipofika kilomita 90 kwa saa: usukani ulianza kutetemeka mikononi kama unaoshikwa na mtu mwingine. Nilipeleka magurudumu kwenye balansi mara mbili na kulipia mara mbili, kabla ya kuvua gurudumu na kuiona spesa imekaa chini kidogo ya katikati, ikiwa na uwazi kama wa unene wa kadi ya simu upande wa chini. Tangu siku hiyo siendi dukani bila vania (kipimio cha kipenyo na unene) mfukoni, na muuzaji asiyekubali nipime mzigo wake simlipi.

Jambo la pili ni unene unaoweza kuubeba. Wengi hukisia kwa macho, ilhali kifaa cha kupimia kinapatikana kwa kila fundi uashi. Egesha gari mahali palipo sawa, magurudumu yakiwa yametazama mbele, kisha bandika uzi wa timazi kwa utepe juu ya ukingo wa madigadi, sawasawa na katikati ya gurudumu, uache risasi ining'inie bila kugusa ardhi. Ukishatulia, pima kwa rula umbali kati ya uzi na sehemu ya tairi iliyotokeza zaidi. Tuseme umepata milimita 22. Toa angalau milimita 8 za usalama, maana gari likibeba abiria wanne na kuruka tuta, tairi hupanda ndani ya madigadi, na tairi la mbele husogea zaidi unapokata kona. Zinabaki 14, kwa hiyo spesa ya milimita 10 au 12 inatosha, na ya 15 haifai. Pima magurudumu yote manne, kwa sababu gari lililowahi kunyooshwa bodi mara nyingi halilingani pande zote mbili.

Rimu nyingi zimechongwa kwa ndani herufi ET na namba, ambazo asili yake ni Kijerumani na huonyesha umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya rimu. Spesa hupunguza namba hiyo: rimu ya ET48 ikiwekewa spesa ya milimita 15 inakaa kama rimu ya ET33. Ukiona hesabu inakupeleka mbali hivyo, tafuta rimu yenye ET unayoitaka na uache spesa dukani. Kwa maoni yangu, spesa ni dawa ya milimita chache.

Aina mbili, na hesabu ya mizunguko ya nati

Spesa nyembamba huvalishwa tu juu ya stadi za gari, kisha rimu hufuata na nati zilezile hukaza vyote kwa pamoja. Spesa nene, kuanzia milimita 15 hivi, huwa na stadi zake: yenyewe hufungwa kwenye habu kwa nati zilizozama ndani, halafu rimu hufungwa kwenye spesa. Milimita zilizo katikati ya aina hizi ndizo zenye mtego, kwa kuwa ni nene mno kwa stadi za kiwandani na nyembamba mno kubeba stadi zake zenyewe.

Kwa aina nyembamba kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Nati ya M12 inatakiwa kushika uzi kwa kina kisichopungua kipenyo cha stadi, yaani milimita 12. Kwa kuwa uzi wa Impreza unasogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko, hiyo ni mizunguko 9.6, nasi tuiite 10 kamili. Kabla ya kununua chochote, gurudumu likiwa halina spesa, fungua nati moja, kisha irudishe kwa vidole ukihesabu tangu inapouma uzi hadi inapogota. Kama umepata 14, spesa ya milimita 5 itakula mizunguko minne na utabaki na 10, ambayo ni mwisho wa ruhusa. Kama umepata 12, spesa hiyo haifai mpaka ubadilishe stadi uweke ndefu. Zikibadilishwa, zishindiliwe kwa mashine ya kugandamizia, na usikubali fundi agonge habu kwa nyundo ikiwa bado iko ndani ya gari, kwani pigo linaishia kwenye beringi.

Kwa aina nene, angalia kama nyuma ya rimu yako kuna vishimo kati ya mashimo ya nati. Stadi ya gari inayotokeza milimita 25 itapita kwenye spesa ya milimita 15 na kubaki imechomoza milimita 10, na ikikosa shimo la kuingia, rimu haitalala kwenye spesa hata ukikaza kwa nguvu zote. Mafundi wengine hukata ncha za stadi. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu siku ukitaka kuondoa spesa hizo, stadi fupi hazitatosha tena kushika rimu.

Nunua spesa iliyochongwa kutoka kwenye aluminiamu ngumu ya daraja la 6061-T6 au 7075-T6, yenye ukingo wake wa katikati wa milimita 56.1 upande wa nje, ambao rimu itaukalia. Usipange spesa mbili pamoja, na usijaze pengo kwa washa.

Siku ya kufunga

Tafuta sakafu ya saruji. Mchanga wa Kigamboni au wa Mbezi hudidimiza jeki polepole, na gari huanguka pale ambapo mtu ameshaingiza mkono. Vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu ya upande mwingine, legeza nati robo mzunguko kabla ya kupandisha, kisha pandisha na uweke stendi ya chuma chini ya sehemu iliyoimarishwa kwenye ukingo wa bodi. Tofali la saruji si stendi, kwa kuwa hupasuka bila kuonya.

Ukishavua gurudumu utakutana na kutu, hasa kama gari hulala Msasani, Kunduchi au mahali pengine penye upepo wa bahari. Hapa ndipo pa kutumia muda. Sugua uso wa diski unaoguswa na rimu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, ingia kwenye kona ambapo ukingo wa katikati unakutana na uso, na uzunguke kila mzizi wa stadi, maana kutu iliyojificha hapo ndiyo huinua spesa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye kisafishio cha breki. Mimi hutumia kama dakika 20 kwa kila gurudumu, na sijawahi kujuta. Kisha safisha nyuma ya rimu vivyo hivyo.

Paka grisi ya shaba, tabaka jembamba mno, kwenye ukingo wa katikati peke yake, kwa sababu aluminiamu na chuma vikigusana kwenye unyevu wa chumvi hugandana. Usipake kwenye uzi wa stadi. Uzi wenye grisi huteleza, na kipimo kilekile cha kukaza kitaivuta stadi kupita kiasi hadi ikatike.

Vaa spesa kwa mikono. Inapaswa kuingia kwa kusukumwa taratibu na kulala bila kucheza. Bonyeza ukingo wake wa juu, halafu wa chini, halafu wa pembeni: ikigonga popote, hata kwa sauti ndogo, kuna uchafu au kipimo si chake, na kazi isimame hapo. Ikilala vizuri, rudisha rimu, ingiza nati zote tano kwa vidole, uhesabu ile mizunguko 10, kisha kaza kwa kuruka moja, kama anayechora nyota, kwanza nusu ya nguvu, kisha nguvu kamili gari likiwa limeshuka chini. Nguvu hiyo isome kwenye kitabu cha gari lako, kwani hutofautiana kulingana na toleo na huandikwa kwa Nm (nyutoni-mita), na itekeleze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika. Kwa spesa yenye stadi zake, kaza kwanza nati zake za ndani kwa spana hiyohiyo kabla ya kuvalisha rimu. Mashine ya upepo ya gereji za tairi haijui Nm 100 ni ngapi.

Kabla ya kutoka, pindisha usukani hadi mwisho pande zote mbili, halafu paka chaki kwenye bega la kila tairi. Zunguka mtaani na watu wanne ndani, upite kwenye matuta mawili matatu. Chaki ikifutika mahali fulani, pale ndipo tairi linapogusa.

Utahisi pia usukani umebadilika, kwa kuwa tairi sasa liko mbali zaidi na mstari ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona. Kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, kama ile ya Barabara ya Mandela, gari litataka kufuata mfereji kuliko zamani, na beringi zitabeba mzigo ulio mbali zaidi nazo. Sikiliza mlio wa beringi wa kunguruma unaoongezeka na mwendo.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, safari ya kwenda Kibaha na kurudi yatosha, acha magurudumu yapoe kisha rudia spana ya toki kwenye kila nati, na kwa spesa nene vua rimu ili ufikie nati za ndani. Nati iliyosogea hata kidogo inamaanisha urudie ukaguzi baada ya umbali kama huo. Spana ikilia kwenye nati zote bila nati kusogea, chora kwa rangi nyeupe mstari mmoja unaotoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili asubuhi yoyote utambue kwa jicho kama kuna iliyozunguka. Jaribu pia kuvalisha tairi la akiba juu ya spesa ukiwa bado nyumbani, kwa kuwa rimu yake huenda haina vishimo vya kupokea stadi, na ni heri kulijua hilo uani kuliko usiku, pembeni ya barabara, ukiwa na fundi pancha ambaye hajawahi kuiona spesa.