Kulala mahemani Matema na ukoo mzima: anzeni na bibi

Mwaka wa kwanza tulipokwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, kulala kwenye mahema tulikuwa watu 27, na mama yangu, mwenye miaka 78 wakati huo, alikesha ameketi. Tulimtandikia godoro jembamba chini. Magoti yakamgomea kuinuka, naye akaona haya kumwamsha mjukuu ampeleke chooni. Asubuhi hakusema neno. Nilijua kwa sababu niliikuta shuka yake imekunjwa vilevile nilivyoiacha jioni.

Tangu hapo, mtu akiniuliza ukoo unapelekwaje kambini, namjibu: mpangieni bibi kwanza. Akishapata pa kulala, njia ya chooni na kivuli cha mchana, mengine mtayapanga kumzunguka yeye.

Sisi hufungua kitanda chake cha mbao nyumbani Uyole, Mbeya, tukakifunga juu ya kosta, tukakiunga tena ufukweni. Hema lake liwe refu, mtu aingie bila kuinama, na mlango uangalie choo, hatua 30 hivi. Kisha tunafunga kamba ya katani usawa wa kiuno, kutoka nguzo ya hema hadi mlango wa choo, ashike gizani. Mjukuu wa kike analala naye kwa zamu.

Baada ya bibi, wakwe. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani ovyo, na kambini hakuna kuta. Mahema ya wakamwana yakae upande wa pili wa moto, milango ikielekea kwingine, na wawe na njia yao ya kwenda kuoga. Vijana wa mjini husema hayo ni mambo ya zamani. Mimi nimeona mkamwana akishinda hemani mchana kutwa, na jua lile la Kyela, kwa kuwa tulimweka mkabala na mkwewe. Hiyo siyo likizo.

Nendeni kati ya Juni na Septemba, masika ya Kyela yakiwa yamekwisha. Mtaondoka Uyole mmevaa makoti, Isyonje mtafunga vioo kwa baridi, halafu mtateremka hadi ziwani, pasipofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, mkiwa mnatokwa jasho. Kwa hiyo masweta ni ya njiani tu. Nafasi iliyobaki jazeni vyandarua, kimoja kila hema, maana zipu ya hema hufunguliwa na watoto mara mia kwa jioni moja, na malaria iko kule.

Miezi hiyo ndiyo ya upepo wa kusi, unaolipitia Ziwa Nyasa kwa urefu wake kabla ya kufika Matema. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Chukueni viroba vitupu, vijazeni mchanga, fungeni kamba ya hema katikati ya kiroba na mkizike kina cha mkono hadi kiwiko. Hema letu moja lilipeperuka saa nane usiku na watoto wanne ndani. Hakuumia mtu, ila tangu siku hiyo vijana hawaruhusiwi kula kabla viroba havijazikwa.

Chakula cha siku ya kufika kipikwe nyumbani. Kuanzia kesho yake, kila familia ipike zamu yake kwenye mafiga yaleyale. Ndizi na parachichi nunueni Tukuyu, mchele Kyela, samaki kwa wavuvi alfajiri.

Majini sina mzaha. Tunachagua mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, anafungwa kanga nyekundu begani, na akiwa nayo hashiki simu wala hapiki. Akichoka, anamkabidhi mwenzake kanga mkono kwa mkono. Wavuvi waulizeni mamba wameonekana wapi, na midomo ya mito iepukeni kabisa. Maji yaliyotuama yenye majani pia, kwa sababu ya kichocho. Watoto waogee pale wimbi linapopiga mchanga mweupe.

Jumamosi iwe ya Lyulilo, soko la vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Mtu mzima anafika taratibu kwa miguu. Bibi tunamkodia bodaboda mwendo wa pole. Mama hukaa pale asubuhi yote, anagonga chungu kimoja kimoja kwa kucha akisikiliza mlio, na wajukuu wamejifunza kwake kutambua chenye ufa. Msimharakishe. Bebeni magunia na majani makavu ya migomba ya kufungia.

Safari iliyopita, usiku wa pili, nilisikia kamba ya katani ikikaza. Nikanyamaza. Nyayo zake zikapita mchangani, polepole, zikaenda na kurudi, na mjukuu hakuamshwa.