Kabla hujapanga tarehe ya kukatwa tumbo upungue, jipime hivi kwanza

Karibu kila wiki kuna mtu ananivuta pembeni, mara saluni, mara kwenye kikao cha harusi, "shoga niambie ukweli, na mimi nifanye?" Jibu langu ni moja siku zote, sijui, ila naweza kukuonyesha jinsi ya kujua. Mi nilifanyiwa slivu, ile ya kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, nikiwa na kilo 124, urefu wangu sentimita 162, leo nacheza kwenye 88, wembamba wa kwenye picha sijaupata na wala siutafuti tena. Udaktari sijasomea, kwahiyo chukua haya kama maneno ya mtu aliyepita hiyo njia, halafu kabishane na daktari wako.

Anza na hesabu maana inaokoa muda. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, jibu utakalopata ligawanye tena kwa urefu ule ule. Mimi 124 kwa 1.62 ikaja 76.5, nikagawanya tena kwa 1.62 ikaja 47, hiyo ndo BMI, kipimo cha uzito wako ukilinganishwa na urefu. Kigezo cha zamani kilichotoka Marekani mwaka 1991 kilikuwa 40 kwenda juu, au 35 kama tayari una ugonjwa unaoendana na uzito, kisukari, presha, kukatika pumzi usingizini, vitu kama hivyo. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha, sasa ukiwa 35 kwenda juu unafikiriwa hata kama huna ugonjwa wowote, na kati ya 30 na 35 unaweza kufikiriwa kama una kisukari aina ya pili au magonjwa ya jamii hiyo. Kama una 27 na shida yako ni kitambi kiingie kwenye gauni la send-off ya mdogo wako, mwenzangu, kisu sio chako.

Ukishajua namba, chukua karatasi uandike kwanini unataka, usidanganye maana hakuna atakayesoma. Yangu ilikuwa na goti, presha, kukoroma mpaka mume akahamia chumba cha watoto, na chini kabisa nikaandika "wifi zangu". Ile ya mwisho niliifuta, sio kwamba haikuwa kweli, ila ndo ambayo operesheni haiwezi kuitibu kabisa. Goti limepona, presha nimepunguziwa dawa, lakini watu? Nilipoanza kupukutika zile kilo za mwanzo mtaani wakasema nina ngoma, waliokuwa wananiita bonge wakaanza kunionea huruma. Na ngozi inalegea jamani, mikono, mapaja, tumbo linaning'inia kama shuka lililoanikwa bila vibanio, hakuna anayekuonyesha hiyo kwenye picha za kabla na baada. Ukiona karatasi yako imejaa majina ya watu kuliko viungo vya mwili, tulia kwanza.

Sasa ujue unachagua nini, maana watu wanachanganya sana. Puto sio kupasuliwa, linaingizwa kwa mdomo kwa mpira wenye kamera, linajazwa tumboni ili ushibe mapema, na mengi yanakaa kama miezi 6 halafu yanatolewa, ndo ile huduma iliyovuma sana pale hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Likitoka, tumbo lako liko vile vile na mdomo wako uko vile vile. Slivu ni kukata mfuko wa chakula na kutoa karibu robo tatu mpaka asilimia 80, kinachobaki ni kama ndizi nyembamba, wala sio kukata utumbo kama wanavyosema, na kilichotolewa hakirudishwi. Baipasi wanakutengenezea kifuko kidogo kama yai halafu wanaunganisha utumbo upya chakula kiruke njia, hii ndo inaguswa utumbo kweli. Kwa mwenye kisukari baipasi inasifika zaidi, sukari inaweza kushuka hata kabla kilo hazijashuka. Na kama una kiungulia kikali kila usiku useme mapema, maana slivu inaweza kukizidisha na daktari makini atakusukumia kwenye baipasi.

Kuna na sindano siku hizi, zile za kila wiki kama Ozempic, na sio za kubeza. Dawa iliyomo humo, semaglutaidi, ikitolewa kwa dozi ya kupunguza uzito inamshusha mtu kwa wastani kama asilimia 15 ya uzito wake kwa mwaka na kitu, tirzepataidi, sindano nyingine ya jamii hiyo, inafika kama 20, slivu iko kwenye 25 na baipasi kama 30. Tatizo la sindano ukiacha kilo nyingi zinarudi, kwahiyo piga hesabu ya kuinunua miaka na miaka. Kwa mtu mwenye BMI 36 mi ningemwambia akaulizie hizo kwanza kabla ya kisu, hilo ni langu binafsi na daktari aliyenifanyia hakubaliani nalo.

Haya, jaribio lenyewe, hili nampa kila anayeniuliza na nusu yao hawarudi. Kwa wiki 2 kula kama mtu aliyekwisha kukatwa. Sahani ya mtoto, kijiko cha chai, anza na yai au samaki au maharage kabla ya kitu kingine, tafuna mpaka iwe uji, usinywe maji wakati wa kula na subiri nusu saa baada ya kumaliza ndo unywe, soda marufuku. Ukimaliza hizo wiki nenda kwenye shughuli yenye pilau. Njaa utakuwa nayo, maana tumbo lako bado zima, hiyo tuiache, we angalia kama unaweza kukaa kwenye meza ya watu wanaokula na wewe una vijiko vinne na hujisikii umefiwa.

Miezi miwili baada ya operesheni nilienda msibani Tanga, shangazi kaniletea sahani na mi kwa aibu ya kukataa nikala haraka haraka, tonge la kwanza, la pili, la tatu lilikuwa na kipande cha nyama sikukitafuna vizuri. Kifua kikabana kama nimemeza jiwe, mate yakaanza kujaa mdomoni, nikanyanyuka nikajifanya naongea na simu mpaka nyuma ya choo cha nje, nikatapika povu jeupe dakika kumi nzima huku kuku wananiangalia. Sikuwa mgonjwa, nilikosea tonge moja tu. Hayo ndo maisha unayoyasaini, na ukiweza kumwambia shangazi "nimeshiba" bila kuona haya basi una nusu ya kazi.

Afu vitamini. Sio za miezi mitatu, ni za maisha, multivitamini, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na damu inapimwa mara kwa mara. Mtu asiyeweza kumaliza dozi ya malaria ajifikirie hapo. Nywele zinakatika kuanzia kama mwezi wa tatu, zangu zilitoka kwenye kitana mafungu mafungu, zikarudi baadae. Diklofenaki na ibuprofeni tulizozoea kumeza kama karanga zinaweza kukupa vidonda vya tumbo, hasa baada ya baipasi, kwahiyo uliza mapema utumie nini ukiumwa kichwa. Sigara uache. Pombe inapanda haraka kuliko ulivyozoea. Na dada zangu, mimba isubiri miezi 12 mpaka 18, halafu ukifanyiwa baipasi vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visikutoshe na kilo zikishuka uzazi unafunguka, wapo waliopata mimba wakati walishakata tamaa, kwahiyo tafuta njia nyingine mapema.

Hatari ya kufa ipo, kwenye hospitali zenye uzoefu inakadiriwa kama mtu mmoja kwa elfu moja, unaweza kuiona ndogo, mama yangu hakuiona ndogo. Cha kuogopa zaidi ni kuvuja pale waliposhona na damu kuganda miguuni au mapafuni, na hivyo vinaweza kuja ukiwa umesharudi nyumbani. Moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, pumzi kuwa fupi, unarudi hospitali usiku huo huo. Ndo maana wanaoenda India au Uturuki kwa sababu ya bei nawauliza kitu kimoja, siku ya kumi utakuwa wapi na nani anakujua? Kuna mtu namfahamu alirudi na homa, hospitali ya huku wakamuuliza alifanyiwa nini hasa, hana karatasi, ana picha za hoteli. Ukienda, rudi na ripoti ya upasuaji mkononi, na kabla ya kuondoka uwe umeshaongea na daktari wa huku aliyekubali kukupokea.

Kuhusu hela uliza bei nzima, vipimo, kulazwa, vitamini, kliniki za mwaka mzima, na bima wakujibu kwa maandishi, maneno ya mapokezi usiyategemee.

Kuna kitu nilikidharau, kichwa. Mi nilikuwa mlaji wa usiku, saa sita nafungua friji sio kwa njaa, ni kwa mawazo. Tumbo lilikatwa ila mawazo yalibaki yote, na aiskrimu na juisi hazibani kifuani, zinateleza tu, mwaka wa pili nikajikuta nimerudisha kilo 5 kwa vijiko. Kama unakula ukiwa na hasira au upweke muone mwanasaikolojia kabla, sio baada. Na daktari anayekupa tarehe siku hiyo hiyo mliyoonana, hajakuuliza unavyokula, hajakupima tumbo kwa kamera wala usingizi wala damu, huyo muage kwa heshima uondoke.

Mwisho tafuta mtu wa jikoni. Wiki za kwanza ni vimiminika tu, baadae vyakula vya kusaga, na we huna nguvu ya kusimama. Mume wangu, ambaye hajawahi kupika hata chai, alikuwa anachemsha supu ya kuku na kuichuja kwa chujio la chai mara mbili, ananiletea kwenye kikombe cha kahawa, nakunywa kwa nusu saa. Kama huyo mtu humjui bado ni nani, tarehe isubiri.