Hamira ya maji: chota mbegu kabla hujaimwaga kwenye juisi

Hapa Hereford, Uingereza, pakiti moja ya hamira ya maji ya kutengenezea saida (pombe ya matufaha) hunigharimu karibu pauni 10. Hamira kavu haifiki hata nusu ya bei hiyo. Sasa mtu wa Marangu, aliyekulia nyumba ya mbege, pombe ya ndizi ya Kilimanjaro, atupe kitu hai cha pauni 10 baada ya kukitumia mara moja? Yangu, hamira ya saida ya Wyeast namba 4766 ya Oktoba mwaka jana, bado iko kwenye friji, kizazi cha tatu.

Wengi huokoa tope linalobaki chini ya dumu saida ikishaiva. Linafaa, ila lina nyama ya matufaha pamoja na hamira ya porini iliyoingia na maganda. Mimi nachota mbegu, yaani hamira ya kuhifadhi, mapema.

Siku mbili kabla ya kutia hamira, toa pakiti kwenye friji. Ndani kuna kifuko cha chakula: kipige kwa kiganja kipasuke, kisha uache pakiti ivimbe kwa masaa matatu au zaidi. Chukua lita moja ya juisi ya tufaha ya boksi, na usome maandishi ya ubavuni. Ikiwa na potasiamu sobeti, irudishe kabatini, maana hamira haitazaana humo. Vitamini C haina neno. Mimina juisi na hamira kwenye jagi la lita mbili ulilolisafisha kwa dawa, tia chembe za chakula cha hamira, funika kwa karatasi ya foili bila kubana, weka jikoni penye nyuzi 20 hivi. Kila ukipita, litikise.

Juisi ya bustanini, itakayokuwa saida yenyewe (jirani hunipa matufaha ya Dabinett na Bramley, nami namrudishia chupa) huisagia kidonge kimoja cha Campden (dawa ya salfaiti) kwa kila lita 4.5, kisha naiacha siku nzima. Usiharakishe hapo: dawa inayoua vijidudu vya porini itaidhoofisha na hamira yako.

Siku ya kutia, tikisa jagi mpaka tope lote lipande, kisha kabla ya lolote mimina mililita 300 kwenye chupa safi ya jamu. Hiyo ndiyo mbegu. Zilizobaki zinatosha madumu mawili ya lita 4.5. Andika tarehe na kizazi kwenye chupa, iweke friji, na kifuniko kilegezwe. Mwaka wa kwanza nilikikaza. Usiku chupa ikapasuka, asubuhi mke wangu akakuta mchicha wake unaelea kwenye povu.

Kuiamsha tena, mwaga maji ya juu yaliyotulia, nusa. Harufu ya mkate au tufaha, endelea. Harufu ya siki au rangi ya kucha, mwaga yote. Ipe lita nyingine ya juisi, rudia yale yale. Ikikaa zaidi ya miezi miwili mitatu bila kutumika, ilishe kwanza kwa juisi kidogo, kikombe kimoja, uone kama inatoa povu.

Dumu likinuka yai viza, usiilaumu mbegu. Juisi ya tufaha ina naitrojeni kidogo, hamira ina njaa. Ongeza chakula chake mapema, kabla hidromita (kipimo cha uzito wa juisi, hushuka sukari ikiliwa) haijashuka nusu ya safari kutoka 1.050 kwenda 1.000.

Kizazi cha nne ndicho mwisho wangu. Baada ya hapo nanunua pakiti mpya, ile kongwe inaenda kwenye mboji.