Somo: Kuweka dashibodi ya 1995 kwenye Land Cruiser 80 ya zamani

Assalaamu alaykum. Somo hili ni la Land Cruiser 80, ile ambayo mitaani Unguja na Pemba tunaiita VX hata ikiwa si VX. Mwanzoni mwa 1995 Toyota iliibadilisha dashibodi ya gari hili: ile ya pembe kali ikaondoka, ikaja ya mviringo yenye nafasi ya eabegi, yaani mfuko wa hewa wa kumkinga mtu gari linapogonga. Bodi ilibaki ile ile, ndiyo maana kazi hii inawezekana bila ya kukata bati.

Wengi wanaikimbilia plastiki. Plastiki ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe ni fremu ya chuma iliyo nyuma yake na waya. Ukinunua dashibodi tupu kwa bei ya chini, ujue umenunua kifuniko tu, na vilivyobaki utavitafuta kimoja kimoja kwa miezi.

Kwanza, unachonunua

Kila kitu kitoke kwenye gari moja linalochinjwa, yaani linalovunjwa kwa ajili ya vipuri: dashibodi, fremu ya chuma, mita (paneli ya spidi na geji), swichi zote, kontroli za AC pamoja na kebo zake, mabomba ya plastiki ya kupitisha hewa, kisanduku cha abiria na kifuniko chake, paneli ya chini ya magoti, na boliti. Plagi zote zikatwe zikiwa na waya wa sentimita 20 au zaidi nyuma yake. Plagi iliyokatwa shingoni haiungiki vizuri, na mpya yake huipati Darajani wala Mwanakwerekwe.

Angalia upande wa usukani kabla ya kutoa pesa. Vipuri vingi vinavyokuja kwetu kupitia Dubai na Sharjah vimetoka kwenye magari ya huko, ambayo usukani wake uko kushoto. Dashibodi hiyo haigeuzwi. Tafuta ya gari lililotoka Japani, Uingereza au Australia, au lililochinjwa Dar.

Dizeli ichukue mita ya dizeli, petroli ya petroli, na gia ya mkono iende na ya mkono. Na upime volti. Baadhi ya dizeli za Japani zina betri mbili na starta ya volti 24 huku vitu vya ndani vikitumia 12. Usikisie kwa kuhesabu betri; weka maltimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye waya unaolisha mita, swichi ikiwa ON.

Vifaa: soketi za 8, 10, 12 na 14 zenye mkono mrefu, bisibisi ya nyota namba 2, kipande cha plastiki cha kubandulia, maltimita, koleo la kubana tamino (vichwa vya chuma vya waya vinavyokaa ndani ya plagi), mirija ya kusinyaa kwa moto, mifuko midogo ya nailoni na kalamu ya wino usiofutika. Watu wawili, siku tatu. Anayekwambia ni kazi ya siku moja atakurudishia gari lenye waya zinazoning'inia.

Hatua ya 1: Jaribu kila kitu kabla hujafungua

Washa taa, indiketa, waipa, honi, bloa (feni ya hewa ya ndani) kwenye spidi zote, hita, AC. Andika kisichofanya kazi. Usipofanya hivi, mwisho wa kazi utasaka kwenye waya zako tatizo lililokuwepo tangu zamani. Piga picha ya mita ikionesha kilomita na ihifadhi. Mita mpya itakuja na kilomita za gari jengine, na siku ya kuuza mnunuzi ana haki ya kuziona zote mbili.

Hatua ya 2: Umeme

Ondoa hasi ya betri, halafu subiri si chini ya sekunde 90 kabla ya kugusa chochote chenye plagi ya njano. Njano kwa Toyota ni eabegi. Kidhibiti chake huhifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imeondolewa, na huo unatosha kuifyatua. Kwenye betri mbili, ondoa hasi za zote. Hili linahusu pia gari unalochinja.

Hatua ya 3: Kuvua ya zamani

Plastiki ya miaka thelathini iliyokaa kwenye jua letu inavunjika kama kaki. Anika gari saa moja juani vioo vikiwa vimefungwa, plastiki ilainike, ndipo ubandue vibanio. Anza na mapambo ya pembeni, kisha vifuniko vya shina la usukani, mita, redio, kontroli za AC, kisanduku cha abiria, mwisho dashibodi yenyewe. Kila kundi la boliti na mfuko wake, mfuko uandikwe. Kioo cha mbele hakitolewi.

Dashibodi ikigoma kutoka, usivute. Kuna boliti uliyoisahau, mara nyingi chini ya nguzo za kioo au nyuma ya kifuniko cha spika. Ukivuta, inapasuka kwenye matundu ya hewa ya kioo, hapo ndipo palipo pembamba zaidi.

Hatua ya 4: Bati

Hapa usipite mbio. Dashibodi ikiwa nje, unaona bati ambalo hutaliona tena kwa miaka. Chumvi ya bahari na unyevu wa masika hukaa kwenye pembe za chini, mwisho wa nguzo. Safisha pia mfereji ulio chini ya waipa. Majani ya mwembe na mwarobaini huziba matundu yake, maji yanapanda na kuingia kwenye boksi la hita. Mwenye gari anadhani raba ya kioo inavuja. Mimina jagi la maji uone yanatokea wapi. Penye kutu piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kutu, praima, halafu rangi. Namba ya chasisi na kibati cha gari havihamishwi kamwe.

Hatua ya 5: Fremu ya chuma

Ifunge fremu mpya peke yake, bila dashibodi. Tia boliti zote kwa mkono, nyuzi tatu tatu, kisha inua shina la usukani ulifunge kwenye bano lake. Shina likikaa sawa bila kulazimishwa, kaza: kwanza pembeni mwa milango, halafu katikati, mwisho shina. Ukikaza katikati kwanza, fremu inakaa upande, dashibodi haifiki kwenye nguzo moja, na gari litalia kila likipita barabara ya mashimo.

Tundu la shina likikataa kulingana, simama. Usitoboe jengine kwa kukisia na usichomelee bano la kubuni. Fremu hiyo ndiyo inayoshika usukani. Tumia shina na fremu za gari moja, au rudisha fremu yako na utafute bano lililotoka kiwandani.

Hatua ya 6: AC na hita

Kama boksi lako la evaporeta (kifaa kinachopoza hewa ya AC) linapokea mabomba mapya ya hewa, liache mahali pake, uhamishe kontroli na kebo tu. Likiwa halipokei, gesi itolewe na fundi mwenye mashine, na maji ya rejeta yamwagwe kabla ya kuchomoa mipira ya hita.

80 za mwanzo zilitumia gesi ya R12, za baadaye R134a. Mafuta ya kompresa ya R12 hayachanganyiki na R134a, kwa hivyo kompresa inakosa ulainishaji na kusagika. Ukibadilisha gesi, badilisha pia mafuta, oringi zote na chujio la kukaushia unyevu.

Kebo za kontroli zifungwe lever ikiwa kwenye baridi kabisa na mlango wa hita ukiwa umefungwa kabisa. Ukizifunga katikati, AC itatoa uvuguvugu na utamsingizia fundi wa gesi.

Hatua ya 7: Waya

Kwa injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo pampu yake ni ya kimekanika na ina waya chache, ni bora kubaki na waya za gari lako na kuhamisha plagi mpya za mita na swichi. Kwa injini ya petroli ya 1FZ-FE yenye kompyuta, waya za injini usiziguse kabisa. Unganisha zile za mita na swichi tu.

Chora jedwali la kila plagi: tundu namba ngapi, rangi gani, kazi gani. Herufi za Toyota zinakanganya mgeni: B ni nyeusi, L ni buluu, G kijani, W nyeupe. Waya wa W-B, mweupe wenye mstari mweusi, ni ethi, yaani unaorudisha umeme kwenye bodi. Hata hivyo rangi ni fununu tu. Thibitisha kila waya kwa maltimita: upi una umeme muda wote, upi swichi ikiwa ON, upi taa za usiku zikiwaka.

Tamino inatolewa kwenye plagi kwa kusukuma kijino chake kwa sindano nyembamba, si kwa kuvuta. Panapobidi kuunga, bana kwa koleo, tia mrija wa kusinyaa, na viungo visikae sambamba. Kimoja kiwe mbele ya chengine kwa sentimita tatu hivi. Kusokota na kuzungushia tepu hakufai Zanzibar. Gundi ya tepu inayeyuka kwa joto, chumvi inaingia, shaba inageuka kijani, na baada ya misimu miwili ya mvua indiketa zinaanza kuwaka pamoja na taa za usiku.

Unene: mita na taa za ishara milimita za mraba 0.5 zinatosha. Taa kubwa mbili za wati 60 kwa volti 12 zinavuta ampea 10, kwa hivyo usipungue 1.25 na zipitie relei (swichi inayowashwa kwa umeme). Bloa isipungue 2. Ethi za dashibodi zifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, halafu upake grisi juu.

Hatua ya 8: Spidi

Kama gari lako lina kebo ya spidi na mita mpya ni ya umeme, unahitaji sensa kwenye boksi la gia. Kwa kipimo cha Japani, kebo inazunguka mara 637 kwa kila kilomita, na sensa ya kawaida ya Toyota inatoa mapigo manne kwa mzunguko, yaani 2,548 kwa kilomita. Ukiweka matairi makubwa kuliko ya kiwandani, spidi halisi itakuwa juu ya inayosomeka. Linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka.

Hatua ya 9: Eabegi

Msimamo wangu ni huu: kama huhamishi mfumo mzima, yaani kidhibiti, sensa, koili ya usukani, eabegi zote mbili na waya zake bila ya kiungo hata kimoja, basi usihamishe hata moja. Baki na usukani wako wa zamani, na eabegi ya abiria itolewe kabisa nyuma ya kifuniko chake. Eabegi iliyokaa bila mfumo humlindi mtu nayo. Ukiihamisha yote, koili ya usukani iwekwe katikati, takriban mizunguko miwili na nusu kila upande, magurudumu yakiwa yamenyooka. La sivyo inakatika siku ya kwanza unapopiga kona ya mwisho. Na usiipime eabegi kwa maltimita.

Viti na paneli za milango vinafuata bila taabu. Boliti za mikanda ya usalama zina uzi wake maalumu, usilazimishe nyengine.

Hatua ya 10: Washa kabla ya kufunga

Mita na swichi zikiwa zimechomekwa na dashibodi haijakazwa, rudia orodha ya hatua ya 1. Ndipo ufunge.

Maswali na majibu

Swali, kutoka Wete: Maalim, geji ya mafuta inaonesha nusu na tangi limejaa. Mita mbovu?

Jibu: Pima floti (kipimo cha mafuta kilicho ndani ya tangi) kabla ya kuilaumu mita. Za Toyota za miaka ile ziko karibu na omu 3 tangi likijaa na 110 likiwa tupu. Ukipata 3 na geji bado iko nusu, tatizo ni ethi ya mita au kiungo chenye upinzani. Ukipata 40 au 50, floti imechoka.

Swali, kutoka Fuoni: Kaka, nimefunga kila kitu, lakini nikizima swichi dizeli inaendelea kunguruma kama sekunde nne.

Jibu: Umeme unarudi nyuma. Valvu ya kukata mafuta kwenye pampu inahitaji umeme ili ibaki wazi, na sasa inaupata kupitia taa ya chaji kwenye mita. Uwezekano mkubwa umeilisha mita kwa waya wa muda wote badala ya waya wa ON. Zima swichi, chomoa plagi ya mita, pima tundu la kulishia. Likiwa na volti, hapo ndipo ulipokosea.

Swali, kutoka Chake Chake: Sheikh, ya Land Cruiser 100 inakaa kwenye 80? Nimeipata kwa bei nzuri.

Jibu: Hapana. Bodi ni nyengine, fremu ni nyengine, na boksi la hita halipatani. Iache, kaka.

Swali, kutoka Bububu: Tangu kufungwa dashibodi, miguu ya abiria inalowa AC ikiwashwa. Maji hayana rangi.

Jibu: Ni maji ya evaporeta. Mpira wa kutolea maji chini ya boksi umechomoka au umekunjika wakati wa kurudisha zulia. Kwa unyevu wa kwetu unatoa maji mengi kwa saa moja. Ingia chini ya gari AC ikiwa imewashwa. Kama hakuna tone linalodondoka upande wa abiria, fungua zulia uunyooshe mpira, kisha kausha sponji ya chini ya zulia kabla ya kulirudisha, la sivyo bati litaoza chini yake.

Swali, kutoka Mkoani: Taa ya SRS, ile ya eabegi, haizimi. Fundi ameniambia atie rezista mahali pa eabegi izime.

Jibu: Rezista inaidanganya taa tu, na atakayenunua gari ataamini ana eabegi. Kama hutumii mfumo huo, chomoa kidhibiti, toa balbu ya SRS na alama ya SRS iliyo kwenye usukani, na mwambie kila anayeendesha kwamba gari halina eabegi.