Kujenga Dar: kibali kwanza, afu mkataba na fundi, tofali baadae

Wengi wetu tukishapata kiwanja tunawaza tofali, unapita pale wanapofyatua unaulizia bei ya inchi 6, jioni ushampigia fundi simu. Mi nilifanya hivohivo, fundi nikampa hela ya ufundi nusu nzima kabla hata msingi haujachimbwa, alipofika kwenye linta simu haipokelewi tena, na karatasi ya kumbana nayo sina. Kwaiyo haya nayoandika nimeyalipia.

Anza na kiwanja chenyewe. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa yako (Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni, au Jiji kama uko upande wa Ilala) uulize kiwanja kimepangiwa nini, maana kama ni makazi tu na wewe unataka fremu za maduka mbele, itabidi kwanza ubadili matumizi ya ardhi na hiyo ni safari nyingine. Hakikisha bikoni (zile nguzo za mipaka ya kiwanja) zipo kweli. Kama kuna mto au bahari karibu jua kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka uache mita 60, na wale uliowaona wamejenga ndani ya hizo mita 60 sio ushahidi wa chochote, alama ya X nyekundu ya kubomolewa haiulizi jirani yako alianza lini.

Afu ramani. Ramani ya kudownload au ya kuazima kwa shemeji haikusaidii, manispaa wanataka michoro ya jengo lako kwenye kiwanja chako: plani ya vyumba, mikato, muonekano wa pande zote, paa, msingi, shimo la maji taka liko wapi, na umeacha nafasi kiasi gani mpaka kwa jirani na barabarani. Ghorofa unaongeza michoro ya vyuma ya mhandisi. Hapo unaambatanisha hati au uthibitisho mwingine wa umiliki na risiti ya kodi ya ardhi (hii watu wanaisahau sana, wanarudishwa), unajaza maombi ya kibali, unapewa kontrol namba unalipia. Ulizia kama manispaa yako wanapokea kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, itakupunguzia nauli. Faili linapita kwa watu wa mipango miji, ardhi, afya, mhandisi, wakati mwingine zimamoto, kila mmoja anaweza kukwambia rekebisha, usikasirike, rekebisha tu.

Na jamani, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa sio kibali cha ujenzi. Inakutambulisha tu.

Kama ni ghorofa usijaribu kabisa ujanja wa fundi wa mtaani. Mkandarasi awe amesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi), na uangalie daraja lake, yapo la kwanza mpaka la saba na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Mhandisi awe wa ERB (bodi ya wahandisi), msanifu wa majengo awe wa AQRB (bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi). Lile jengo la mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 liliua watu 36, na la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024 wote tuliliangalia.

Sasa mkataba, hapa ndo pesa zinapotea. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kisheria, ila nenda kathibitishe uone. Andika hata kurasa mbili, na kitu cha kwanza kuambatanisha ni ile ramani iliyopigwa muhuri na manispaa, mwandike kabisa kwamba kazi ni hii ya kwenye ramani, kwasababu fundi akihamisha ukuta au kusogeza shimo la choo anayefuatwa na manispaa ni wewe mwenye kibali, sio yeye.

Malipo yafuate hatua: msingi na jamvi, boma mpaka linta, mkanda, kupaua, plasta. Hatua imeisha, umekagua, ndo unalipa, na adivansi iwe ya kuwaanzishia vibarua tu. Andika nani ananunua vifaa (mi nanunua mwenyewe, hata kama nachoka), nani analipa vibarua, nani anagharamia mtu akianguka jukwaani, kazi ya kurudia inalipwa na nani. Vipimo usiviache hewani: zege la jamvi 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo za linta mm 12 ngapi, kumwagilia siku 7. Ukibadilisha mawazo katikati ukataka chumba kizidi, andikeni karatasi nyingine na bei yake muisaini, na kumbuka hicho chumba nacho kinatakiwa kirudi manispaa.

Bakiza asilimia 10 ya ufundi, umpe miezi kadhaa baada ya kumaliza mvua ikishapiga paa. Atalalamika sana, mwambie mapema kabla hajasaini.

Saini ziwe na mashahidi wawili, mmoja wa upande wake, nakala ya kitambulisho chake ubaki nayo. Kibali nacho weka nakala pale saiti, mkaguzi akija mtu aliyepo awe na cha kuonyesha. Na siku ya kumwaga zege usiende kazini, au tuma mtu unayemwamini, apige picha nondo kabla hazijafunikwa.