Kabla hujachagua asilimia ya kudopu kristali ya leza, piga kwanza hesabu ya joto

Wadau, kuna kosa naliona sana kwa wanaoanza kusanifu leza za kristali. Mtu anafungua jedwali, anakuta YAG (kristali ya itriamu, alumini na oksijeni inayotumika sana kwenye leza) inapitisha joto wati 10 hivi kwa mita kwa kelvini, anaingiza hiyo namba kwenye programu, kumbe kristali yake imedopiwa, yaani imechanganywa atomu ngeni zinazotoa mwanga wa leza, hapa iterbiamu 10%. Hiyo 10 ni ya YAG tupu, ya kwako inacheza kwenye 6 mpaka 7.

Anza na uzito wa atomu. Kwenye YAG iterbiamu inakaa pale palipokuwa na itriamu, na itriamu ina uzito 89 wakati iterbiamu ni 173, karibu mara mbili. Joto ndani ya kristali linasafiri kwa mitetemo ya atomu, ile inayoitwa fononi, yaani ni kama mafundi waliojipanga mstari siku ya kumwaga zege wakipasiana makarai, wote wakienda mwendo mmoja kazi inateleza, ila ukichomeka hapa na pale mtu mzito mwenye mwendo wake basi makarai yanakwama. Hapo kinachoumiza ni tofauti ya uzito, na inaingia kwenye hesabu ikiwa imepigwa mraba, kwa hiyo usiidharau.

Ndo maana watu wanaipenda LuAG, ndugu ya YAG yenye lutetiamu badala ya itriamu. Ikiwa tupu iko chini ya YAG, kama 8 hivi, lakini lutetiamu ina uzito 175, jirani kabisa na iterbiamu, kwa hiyo ukidopu hata 10% namba inashuka kidogo sana na unaishia juu ya YAG iliyodopiwa vilevile. Kwa wanaotumia diski nyembamba za sehemu ya milimita, ambazo lazima zidopiwe sana ili zimeze mwanga wa kutosha, hiyo tofauti ni kubwa mno.

Neodimiamu, atomu nyingine ya kudopu, je? Huko kwa kawaida unaweka 1% tu hivi, upitishaji hauguswi sana. Lakini angalia joto lenyewe linalozaliwa: ukipampu, yaani ukiilisha kristali mwanga, kwa nanomita 808 utoe leza ya 1064, karibu 24% ya nishati inabaki ndani kama joto, wakati iterbiamu ikipampiwa 940 ikatoa 1030 inaacha kama 9% tu. Kwa hiyo usiangalie upitishaji peke yake, angalia vyote viwili.

Sasa hesabu. Kwa fimbo inayopata joto sawasawa kote na kupozwa pembeni, tofauti ya joto kati ya katikati na ukingo ni wati za joto gawanya kwa 4 × pai × upitishaji × urefu. Unene wa fimbo haumo kabisa, na hili huwa linawashangaza wengi! Chukua wati 100 za joto, fimbo ya sentimita 5: kwa 10 unapata digrii 16, kwa 6.5 unapata zaidi ya 24. Fimbo ileile, pampu ileile.

Ukiweza pima mwenyewe, mimi naamini kipimo kuliko jedwali. Kata kipande cha milimita 2, piga mpigo mfupi wa mwanga upande mmoja, soma upande wa pili unachukua muda gani kufika nusu ya kilele cha joto. 0.1388 zidisha unene mraba gawanya kwa muda huo, halafu zidisha kwa densiti na joto mahsusi (nishati ya kupasha kilo moja kwa digrii moja), unapata upitishaji. YAG tupu itakupa kama sekunde 0.15, yenye iterbiamu 10% inavuka 0.2. Ila paka nyuso zote mbili grafaiti kwanza, kristali ni angavu, usipopaka mwanga unapita moja kwa moja mpaka kwenye sensa na kipimo chote kinaharibika.

Na kama unapoza kwa naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77, usitegemee namba za YAG tupu hata kidogo, kwenye baridi hiyo YAG tupu inapaa mara kadhaa lakini iliyodopiwa inaachwa mbali, maana fononi zenyewe kwa zenyewe hazigongani sana tena, zinabaki kugonga zile atomu ngeni.