Uzamili bila kuacha darasa: mwongozo kwa walimu wa Mtwara na Lindi

Walimu wenzangu wakinipigia simu kuhusu masta, swali la kwanza huwa moja: "Mwalimu, GPA yangu itatosha?" Mara nyingi wastani huo wa alama za shahada unatosha. Niliowaona wakikwama walikwamishwa na herufi moja ya jina kwenye cheti, au na barua ya mwajiri iliyoombwa wiki moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Mimi nafundisha Kiswahili na Historia katika sekondari ya kata wilayani Masasi, na uzamili wangu niliusoma miaka mitatu nikiwa darasani. Hatua hizi nimezipanga kama ambavyo ningezifuata leo ningekuwa naanza upya, na chuo chenyewe utakikuta katikati.

Hatua ya 1: Tandaza vyeti vyote mezani, mwezi Juni

Udahili mkubwa wa vyuo vyetu ni wa masomo yanayoanza kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo Juni si mapema. Toa cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita au stashahada, cha shahada, pamoja na transkripti. Soma majina herufi kwa herufi. Cheti changu cha kidato cha nne kiliandika jina la baba "Said", cha shahada kikaandika "Saidi". Kazini nilikuwa sijawahi kuulizwa. Chuo cha kwanza nilichoomba kilirudisha maombi yangu, na hadi nimemaliza kushughulikia jambo hilo dirisha likawa limefungwa. Nilipoteza mwaka mzima kwa irabu moja.

Tofauti ya tahajia huwa inamalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kama ulibadili jina kabisa, kwa mfano baada ya ndoa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo huchukua muda zaidi. Hakikisha jina utakalojaza chuoni ndilo lililoko kwenye taarifa zako za kiutumishi, maana mwisho wa safari cheti kipya kitakwenda kwenye jalada hilohilo.

Kama hukuwahi kuchukua transkripti, iombe sasa. Na kama shahada yako ni ya nje ya nchi, lazima itambuliwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU.

Hatua ya 2: Pima sifa zako kwa utulivu

Kiwango cha chini cha TCU cha kuingia uzamili ni shahada ya kwanza yenye GPA ya 2.7 katika mizani ya 5. Hapo ndipo daraja la pili la chini linapoanzia, likiishia 3.4. Mwenye 2.0 hadi 2.6, yaani daraja la kupita, asikate tamaa: baadhi ya vyuo humpokea akipitia kwanza stashahada ya uzamili na kuifaulu vizuri. Njia hiyo ni ndefu kwa mwaka mmoja, lakini ni halali na inaheshimika.

Wale mliosoma shahada isiyo ya ualimu kisha mkaingia darasani, someni masharti ya programu kwa makini. Uzamili wa elimu katika vyuo vingi unadai shahada ya elimu, au shahada nyingine pamoja na stashahada ya uzamili ya elimu. Uzamili wa somo lako, tuseme Kiswahili, Historia au Jiografia, hauna sharti hilo kwa kawaida. Mwalimu wa Kiswahili ana faida nyingine: masomo na tasnifu ataviandika kwa Kiswahili, wakati karibu programu zote nyingine ni kwa Kiingereza.

Utaombwa pia wadhamini wawili wa kitaaluma. Usimwandike mtu kabla hujamwomba. Mhadhiri wako wa miaka kumi iliyopita hakukumbuki. Mtumie nakala ya transkripti na mistari michache ya kumkumbusha ulikuwa darasa lake la mwaka gani.

Hatua ya 3: Mwajiri kabla ya chuo

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hufanya kinyume. Wanapata barua ya udahili, wanaificha, wanaanza kuiba siku za mitihani kwa udhuru wa msiba na homa. Mwalimu, usifanye hivyo. Utoro kazini ni kosa la kinidhamu, na mwenye mamlaka ya nidhamu kwako ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Masomo ya ziada hayastahili kukugharimu ajira.

Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ipitie kwa Mkuu wa Shule na kwa Afisa Elimu wa idara yako, sekondari au msingi. Taja jina la programu, chuo, muda, na kwamba utasoma ukiwa kazini. Taja nani analipa. Omba pia jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mpango huandaliwa miezi mingi kabla. Bila hilo ombi linaweza kukataliwa hata kama hudai senti moja.

Kabla barua haijaondoka, nenda kaongee na mkuu wako. Nakumbuka mazungumzo yangu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua. Nani atabaki na Kidato cha Nne?"

Hakuuliza kitu kingine. Nilikuwa nimebeba karatasi ya ukurasa mmoja: upande mmoja tarehe ninazotarajia kuwa chuoni, upande wa pili jina la mwalimu mwenzangu wa Historia aliyekubali kunishikia vipindi, na vipindi nitakavyomlipa nikirudi. Alisaini siku hiyohiyo. Karatasi ile ndiyo iliyonipa ruhusa, kuliko barua yenyewe. Tunza nakala zote zenye muhuri wa kupokelewa, na kila safari ya mtihani iombee ruhusa yake, siku hizi kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma.

Hatua ya 4: Chagua chuo kwa kuangalia barabara

Hakiki mambo mawili kwenye orodha ya TCU: chuo chenyewe, na programu yenyewe. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu unayoitaka haimo.

Kwa sisi wa kusini, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ndicho cha kwanza kukifikiria. Ni chuo cha umma, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kina vituo vya mikoa, Mtwara na Lindi vikiwamo. Mtihani unafanyia kituoni, hupandi basi la Dar. Mtwara mjini kuna pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilicho chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania), ambacho kimesomesha walimu wengi wa huku. Ulizia pale kama programu yako inatolewa kwa mwaka unaoomba. Programu za jioni za Dar es Salaam ni nzuri kwa mwalimu wa Temeke. Kwa mwalimu wa Liwale au Newala ni adhabu.

Hata Mtwara si karibu kwa kila mtu. Kutoka Masasi ni kama kilomita 200, kwa hiyo mtihani wa asubuhi maana yake ni kulala mjini. Tafuta ndugu au rafiki wa kukupokea mapema.

Hatua ya 5: Fedha

Chukua hati ya mshahara uione kama ilivyo. Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Ongeza mkopo wa benki au wa SACCOS. Mtumishi anatakiwa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Ukiwa umeshafika hapo, usitegemee mkopo mwingine kulipia ada.

Wengi wetu tuna mikorosho. Minada huanza Oktoba, wakati uleule chuo kinapodai ada ya kwanza. Ni bahati ya kusini, itumie. Lakini malipo ya chama cha msingi hayaji siku unayoyataka, kwa hiyo omba chuo kulipa kwa awamu. Na nakusihi, usiuze kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, ili kuwahi ada. Nimeona mwenzangu akiuza korosho zikiwa bado maua kwa mtu aliyemlipa kidogo mno, na muhula wa pili hakuwa na cha kulipia.

Ada ilipwe kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Hatua ya 6: Hesabu ya saa

Uzamili ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miaka miwili unahitaji saa 17 kila wiki bila kuruka hata wiki moja. Kwa miaka mitatu ni kama 11 na nusu. Mwenye vipindi 24, kusahihisha madaftari na watoto nyumbani, nampa ushauri wa miaka mitatu. Mimi nilisoma saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili kasoro, siku tano, na Jumamosi nilipumzika.

Tuma kazi siku tatu kabla ya mwisho. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Kilwa, na siku chache baadaye mikongo ya baharini ikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Waliosubiri siku ya mwisho wanakumbuka.

Hatua ya 7: Utafiti ulio karibu na wewe

Wengi humaliza masomo ya darasani wakaishia njiani kwenye tasnifu. Dawa ni kuchagua mada unayoweza kuifikia kwa bodaboda. Huku mada zimejaa: mahudhurio ya wanafunzi msimu wa kuokota korosho, nafasi ya jando na unyago katika masomo ya wasichana na wavulana, lugha ya nyumbani na uandishi wa insha. Daftari la mahudhurio la miaka mitano katika shule tatu tayari ni data nzito, na hakuna mgeni atakayeisoma vizuri kuliko wewe.

Fanyia shule jirani, si ya kwako. Mwanafunzi wako hawezi kukukatalia, na jibu lake litakuwa la kukufurahisha. Kwa walio chini ya miaka 18, omba ridhaa ya mzazi pia.

Kibali kinashuka kwa ngazi: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya au halmashauri, ndipo shule. Ruhusu wiki kadhaa, na usiuanze utafiti Novemba, shule zikiwa na mtihani wa kidato cha nne. Msimamizi wako mpelekee sura moja moja, na kila barua pepe itaje tarehe ya ile iliyotangulia.

Hatua ya 8: Cheti kikitoka

Usitarajie mshahara kupanda wenyewe. Muulize Afisa Utumishi muundo wa utumishi unasemaje kwa cheo chako. Tengeneza nakala tatu zilizothibitishwa za cheti na transkripti: moja kwa Mkurugenzi iingie kwenye jalada lako, moja ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, moja kwa Mkuu wa Shule. Kila ofisi ikugongee muhuri wa kupokea, wenye tarehe, kwenye nakala utakayorudi nayo nyumbani.